Namba 4,294,967,297 na kigawo chake 641

Bukavu

Ndugu yangu Amani,

Jambo sana, na salamu kwa wote wa nyumbani huko Goma. Umeniuliza wanafunzi watathibitishaje kwamba 4,294,967,297 si namba tasa, wakati mashine zao za kuhesabu zinaishia tarakimu 8. Inawezekana kabisa, tena kwa karatasi moja.

Waiandike kwanza hivi: 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Kazi yote imo katika umbo hilo. Kabla yake kuna ndugu zake watano wa umbo hilo, kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16: 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote tasa. Ndiyo maana mwanahisabati Fermat, mwaka 1640, aliamini kwamba na huyu ni tasa. Mwanahisabati mwingine, Euler, alionyesha mwaka 1732 kwamba 641 inaigawanya.

Wasikimbilie kugawanya ovyo. Jumla ya tarakimu ni 59, basi 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna hesabu moja tu, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1001: kata namba tatu-tatu kutoka kulia, 297 − 967 + 294 − 4 = −380, na 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Lakini ukiendelea hivyo hadi kipeuo cha pili, yaani karibu 65,536, kuna namba tasa 6,542 za kujaribu. Nani atazimaliza?

Hapo umbo linaokoa. Kigawo tasa p cha namba hii ni lazima kiwe 128k + 1, k ikiwa namba nzima. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa p huacha baki 1 kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 64, kwa hiyo 64 inagawanya p − 1. Mwanahisabati Lucas ndiye aliyekaza sharti hilo hadi 128. Basi orodha ni 129, 257, 385, 513, 641. Zilizo tasa ni mbili tu, na 257 inaacha baki 2.

Sasa 641. Kipeo cha 8 cha 2 ni 256. Kipeo chake cha pili ni 65,536. Toa 641 × 102, baki 154. Kipeo cha pili cha 154 ni 23,716, na 641 × 37 ni 23,717: baki −1. Hapo umefika kipeo cha 32. Ongeza 1, unapata sifuri. Hata tarakimu sita hazikuhitajika!

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na vigawo vyake navyo ni vya umbo 128k + 1; 257 imeshatoka, kwa hiyo jaribu namba tasa 641, 769, 1153 na 1409 tu. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Waonye juu ya jaribio la kupandisha 2 hadi kipeo cha N − 1, N ikiwa namba inayopimwa, kisha kugawanya kwa N na kutazama kama baki ni 1. Namba hii inalipita, ingawa si tasa, kwa kuwa N − 1 ni kigawe cha 64. Watumie 3 badala ya 2. Na wanaoandika programu waweke nafasi ya biti 64 kwa kila namba: kwenye nafasi ya biti 32 isiyo na alama ya chanya au hasi, namba yote inageuka kuwa 1, na kosa hilo halitangazwi.

Aksanti kwa swali zuri. Salimia mama na watoto.

Rafiki yako,
Baraka