Pesa za wazee zihesabiwe tangu siku mtu anapojiandikisha

Mhariri,

Shangazi yangu ana mfuko wa nailoni anaoulaza chini ya mto. Ndani mna nakala mbili za kitambulisho, kikaratasi chenye nambari ya simu ya karani, na kisimu chake cha vibonye. Kila nikienda kumjulia hali hukitoa akanipa nimsomee. Huu ni mwezi wa kumi na nne namsomea matangazo ya bando. Ujumbe wa pesa za wazee, ile posho ya serikali ya kila mwezi ya mpango wa Inua Jamii, bado.

Kujiandikisha alijiandikisha. Nilimpakia mwenyewe kwenye bodaboda mpaka ofisini, akaweka kidole, akaulizwa ana kuku wangapi na nyumba imeezekwa kwa nini, kisha akaambiwa, "Nenda ungoje, mama." Angoje mpaka lini, hakuambiwa. Tuliporudi kuuliza, tukaambiwa majina yameshapelekwa Nairobi. Safari ya tatu tulimkuta karani mwingine, akalitafuta jina asilione, tukajaza fomu upya. Ile miezi ya nyuma ikawa imekwenda hivyo.

Mara nyingi tunalalamikia malipo kuchelewa, na kweli yanachelewa. Lakini mzee aliyekwisha kuingia kwenye orodha, pesa zikitoka hupewa na za miezi iliyopita. Ambaye hajaingizwa hana cha kudai. Akianza kulipwa leo, anahesabiwa kuanzia leo, hata kama alijaza fomu mwaka juzi.

Mpango wa Inua Jamii ulipofunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, uandikishaji ulifanyika 2017 na malipo yakaanza 2018, Sh2,000 kwa mwezi. Baada ya hapo miaka ilipita bila uandikishaji mwingine mkubwa, hadi 2023. Mzee aliyetimiza miaka 70 mwaka 2018 akaandikishwa 2023 alipoteza miaka mitano, yaani Sh120,000. Na huyo ni yule aliyejaliwa kuifikia 2023. Katika umri ule miaka mitano ni mingi mno, na kila kijiji kina makaburi ya waliofariki wakiwa bado wanaulizia.

Kwa shangazi hata huo mwaka wa kuzaliwa una mushkili. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1954, ilhali mdogo wake aliyemfuata ziwa ameandikiwa 1951. Enzi zile karani alikutazama uso akakadiria. Kwa hiyo alianza kucheleweshwa siku alipopewa kitambulisho, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Sh2,000 si pesa nyingi, najua. Kwake ni dawa za presha, ambazo sasa anazimeza siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Ni sukari na unga anaoandikiwa kwenye daftari la dukani, na mwenye duka naye ana watoto wa kusomesha. Nimeziona kurasa zake mwenyewe, tatu, pande zote mbili.

Mwananchi akichelewa kuwasilisha ritani ya kodi baada ya Juni 30, faini yake haipungui Sh2,000. Ndiyo posho ya mzee ya mwezi mzima. Basi serikali inajua kwamba kuchelewa kuna gharama, na inajua kuihesabu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka iwasaidie wasioweza kujikimu, na cha 57 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali pia. Sisi jamaa tunajitahidi kwa upande wetu.

Nitajibiwa kwamba bajeti ni finyu. Lakini hawa wazee hawazuki ghafla. Atakayetimiza miaka 70 mwakani ameshika kitambulisho cha serikali hiyo hiyo kwa miongo mingi, na tarehe imo. Idadi yao inaweza kujulikana kabla bajeti haijasomwa.

Nawaomba wabunge wetu waweke sheria kwamba haki ya mzee inaanza siku anapojiandikisha akiwa ametimiza umri, na malipo ya kwanza yakitoka yarudi nyuma mpaka siku hiyo. Uandikishaji uwe wazi mwaka mzima. Na mzee asitoke ofisini bila karatasi yenye muhuri na tarehe, maana asiye na tarehe hata akienda kushtaki atashtaki nini?

Wiki jana niliiomba karatasi hiyo. Karani, kijana mwenye adabu kabisa, aliniambia haipo, hawajawahi kupewa ya kumpa mtu. Nikachukua kalamu yake, nikaandika tarehe ya siku ile ya kwanza nyuma ya nakala ya kitambulisho. Shangazi ameirudisha kwenye mfuko.

Msomaji wenu,
Kaunti ya Kilifi