Mpeni Mwanagenzi Droo Yake: Barua ya Wazi kwa Watafiti wa Visukuku

Wanangu na ndugu zangu watafiti,

Nawaandikia sasa kwa sababu msimu wa mafunzo ya vitendo unakaribia, na barua za wanafunzi zimeanza kujaa mezani kwenu. Mimi nimestaafu. Miaka 34 nimekuwa fundi wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kazi yangu kuutoa mfupa ndani ya jiwe, kuunga kilichovunjika, kuandika namba na kupanga kwenye kabati. Nawajua wengi wenu tangu mlipokuwa wanafunzi wenyewe, kwa hiyo nitasema nanyi kama mzee asemavyo na watu wa nyumbani mwake.

Mwaka jana binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa jiolojia mwaka wa tatu, alikuja kunisalimia baada ya kumaliza wiki 10 za mafunzo katika makumbusho moja. Nilifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye habari za mifupa. Nikamuuliza wamemkabidhi mnyama gani. Akainama kidogo, akasema, “Babu, nilikuwa nafuta vumbi kwenye makabati na kuingiza namba kwenye kompyuta.” Namba za nini, mwanangu? Hakujua. Alikuwa ameandika maelfu ya namba za mifupa, na hakutokea mtu wa kumfungulia droo hata moja amwonyeshe namba hizo zimeandikwa juu ya nini. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kabisa kwamba waliompokea ni watu wema, wenye kazi nyingi, na hakuna aliyekusudia kumpotezea muda. Lakini muda wake ulipotea, na huenda tumempoteza na yeye.

Niwasimulie nilivyoanza mimi. Mwezi wangu wa pili kazini nilipewa mifuko miwili ya vipande vilivyochekechwa, kila mmoja kutoka bonde lake, nivioshe na kuvikausha. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha bidii. Nikavianika vyote kwenye trei moja kubwa juani, lebo nikaziweka kando chini ya jiwe. Jioni nilipokuja kuvikusanya, upepo ulikuwa umechukua lebo moja, na vipande vyenyewe vimeshachanganyika: meno ya swala, magamba ya kobe, vifupa vya kichwa cha kambare, meno ya mamba. Sikuweza kusema kipi kilitoka wapi.

Ninyi mnajua maana yake. Mfupa wa miaka milioni mbili hausemi wenyewe umri wake. Kinachosema ni majivu ya volkano yaliyolala juu na chini ya tabaka ulimotoka, kwa kuwa majivu hayo ndiyo yanayoweza kupimwa umri. Ukipoteza mahali pa mfupa umepoteza na umri wake, majirani zake, na ziwa au mto uliomzika yule mnyama. Niliharibu kwa mchana mmoja kazi ambayo watu waliifanya kwa majuma wakiwa wamepiga magoti juani.

Nilificha kwa siku tatu. Siku ya nne nikashindwa kula, nikaenda kwa mwalimu wangu, mzee wa Kikamba aliyekuwa fundi mkuu wetu, nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Aliichukua ile trei, akamimina vipande vyote kwenye sanduku la mbao, akaandika karatasi kwa mkono wake: “Havina mahali. Vya kufundishia.” Tangu kesho yake, kila asubuhi, nusu saa kabla ya kazi, alinikalisha mbele ya sanduku lile. Hiki nini? Kwa nini unasema ni kobe? Nionyeshe upande wa ndani. Fumba macho, shika, sema. Baada ya miezi miwili vidole vyangu vilikuwa vinatofautisha enameli, ile ganda gumu la jino, ya kiboko na ya nguruwe kabla jicho halijasaidia. Kila kitu nilichofanya baadaye katika kazi hii kilitoka kwenye nusu saa zile.

Basi ombi langu la kwanza ni nusu saa hiyo. Najua mna ripoti, mna wageni, mna mikutano ya bajeti. Nusu saa kwa siku, wewe mwenyewe, si msaidizi wako. Jicho la visukuku halifundishwi kwa hotuba. Kamoya Kimeu aliajiriwa na akina Leakey, familia ya watafiti wa visukuku, mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba Olduvai, Tanzania. Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, siku ambayo kambi ilikuwa inapumzika, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kati ya changarawe za rangi ileile. Kipande hicho ndicho kilichotuongoza kwa kijana wa Turkana, namba yake KNM-WT 15000, kiunzi cha binadamu wa kale cha miaka takriban milioni 1.5. Bernard Ngeneo naye mwaka 1972 huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa hilohilo, aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale tulilokuja kuliita 1470 kwa namba yake. Watu hawa walishika mfupa baada ya mfupa, mwaka baada ya mwaka, pembeni yao akiwapo mtu wa kuwaambia “hapana, tazama tena.” Leo mwanafunzi wetu ana shahada na kompyuta, na bado anamhitaji mtu huyo wa pembeni.

Ombi la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Mpeni mwanagenzi droo moja iwe yake, na swali moja liwe lake.

Nasikia mkijibu kwamba wiki 10 ni chache, kwamba atavunja, kwamba droo nzuri zimeshagawiwa watafiti. Nawauliza: Simbakubwa alikuwa wapi? Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1978 na 1980, ikaletwa Nairobi, ikalala kwenye droo miaka zaidi ya 30. Matthew Borths alipoifungua droo hiyo alikuwa bado mtafiti kijana, na akaona taya na meno yasiyofanana na alichokitarajia. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens wakamtangaza Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama wa takriban miaka milioni 22 aliyempita simba wa leo kwa ukubwa, naye hata si wa jamii ya simba. Waliopita mbele ya droo ile walikuwa na elimu ya kutosha. Walikosa sababu ya kuifungua na muda wa kukaa nayo, na hivyo viwili ndivyo mwanagenzi anavyoweza kupewa bure.

Wala simaanishi kwamba kila mwanafunzi atagundua mnyama mpya. Swali dogo linatosha, mradi liwe swali la kweli ambalo hata wewe hujui jibu lake. Chukua meno ya swala na jamaa zao, ambayo kila makumbusho inayo kwa ndoo na hakuna anayeyapigania. Mwambie: katika eneo hili moja, tabaka hili moja, hesabu magego ya jamii ya kongoni na nyumbu, ya jamii ya tandala, na ya jamii ya kuro. Kongoni na nyumbu ni wa mbuga ya wazi, meno yao marefu ya kustahimili nyasi. Tandala ni wa vichaka. Kuro hakai mbali na maji. Wiki 10 zikiisha atakuwa na jedwali lake na neno la kusema: hapa palikuwa na nyasi nyingi kuliko miti, au hapa maji hayakuwa mbali. Atalitetea mbele yenu, mtambana kwa maswali, na atarudi chuoni akitembea tofauti. Mwingine mpe vipande vya mifupa vyenye alama atofautishe alama za meno ya fisi na za zana za mawe za watu wa kale. Mwingine mpe fuvu la nyani lililovunjika, atafute vipande vinavyoshikana.

Kwenye kuunga nitatua kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mikono michanga huharibu na hapo ndipo walimu huwanyima kazi. Anzeni na mfupa usio na thamani ya utafiti. Aweke sehemu mbili pamoja bila gundi kwanza, asikilize: zikishikana kweli, vidole hujua, zinagota na hazichezi. Asafishe uso wa ufa kwa brashi laini, kwa maana chembe moja ya mchanga upande mmoja hugeuka pengo upande wa pili. Gundi iwe ile inayoyeyuka tena kwa asetoni, Paraloid B-72 au mfano wake, ili atakayekuja miaka 50 mbele aweze kuitengua akiona tulikosea. Kisha ausimamishe mfupa kwenye trei ya mchanga, uzito wenyewe ubane kiungo, asiukamate kwa mkono mpaka ukauke. Na aandike: gundi gani, tarehe gani, mkono wa nani. Madirisha yawe wazi na barakoa iwe usoni wakati wa vumbi. Mapafu ya kijana yana thamani kuliko taya yoyote mliyo nayo.

Atavunja kitu. Mimi nilivunja, ninyi mlivunja, nami niliwaona. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kumwonyesha choo kiko wapi, msimulieni ulichovunja wewe na ulivyokisema. Mahali pengine nimeona kijana akifokewa mbele ya wenzake kwa sababu ya jino la pundamilia, jino ambalo lingeungwa kwa dakika tano. Miaka miwili baadaye, baada ya yeye kuondoka, tulikuta vipande vya taya nzuri vimefungwa kwenye karatasi ya choo nyuma ya kabati, bila namba. Aliogopa. Aliyemfokea hakupata kujua kwamba hasira yake ndiyo iliyoigharimu sayansi ile taya.

Kuna jambo la majina, nalo linaniuma. Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu wetu walichimba mijusi wakubwa wa kale na kuibeba mifupa kwa vichwa na mabega hadi bandarini, ikasafirishwa hadi Berlin, ambako kiunzi cha mmoja wao, Giraffatitan, kimesimama leo kwa urefu wa mita 13. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuchimba na kuandaa mifupa. Jina lake lilipewa mnyama, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu miaka 100 baadaye! Na wale mamia wengine? Leo hakuna sababu ya kumsubirisha mtu hata mwaka mmoja. Mwanagenzi akisafisha mfupa, jina lake liingie kwenye rejista. Akihesabu meno nanyi mkayatumia, jina lake liwe kwenye makala, na kama kazi yake ni sehemu ya hoja yenyewe, liwe miongoni mwa waandishi, si kwenye mstari wa shukrani chini ya dereva na mpishi, ambao nao, nasema wazi, wanastahili kutajwa kwa majina.

Hapohapo niseme juu ya msimu wa nyikani. Wageni wakija na wanafunzi wao, mara nyingi mwanafunzi wa kigeni hupewa swali na mwanafunzi wetu hupewa chekecheke. Ninyi ndio wenyeji, na vibali vinapita mikononi mwenu. Kaeni na wageni kabla magari hayajaondoka Nairobi, mkubaliane kwa maandishi kila mwanafunzi anafanyia kazi nini. Nimefanya kazi na wageni wema wengi, na sikumwona hata mmoja aliyekataa alipoombwa kwa heshima.

Nauli pia. Kijana anayetoka Kitengela au Rongai akipanda magari mawili asubuhi na mawili jioni, halafu ashinde na chai ya saa nne tu, hawezi kutazama hadubini saa tisa mchana. Kama ofisi haina fungu, basi mchange. Sisi tulichanga, na mshahara wetu ulikuwa mdogo kuliko wenu.

Juzi nilimsomea yule binti wa jirani majina ya wanyama wa kale yaliyotolewa Tanzania miaka ya karibuni: Shingopana, na Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyeitwa hivyo kwa mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Alifurahi mpaka akasimama. “Babu, haya nayaelewa!” Amesoma majina ya Kilatini miaka mitatu, na hayo ndiyo ya kwanza kumfungukia bila kamusi. Ameomba tena nafasi kwenu msimu huu. Sitawatajia jina lake, asije akapendelewa. Mpokeeni yeyote atakayekuja kana kwamba ndiye.

Lile sanduku la mbao bado lipo. Nililiacha stoo, rafu ya chini kabisa mkono wa kushoto, nyuma ya magunia ya plasta. Limefundisha watu wengi, na karatasi ya mwalimu wangu ingali ndani imebandikwa kwenye kifuniko. Vipande ni 214, nilivihesabu kabla ya kuondoka. Litoeni, lipanguseni vumbi, mliweke kwenye meza iliyo karibu na dirisha la mashariki, maana asubuhi mwanga wake ni mzuri kwa meno.

Wenu,
Mzee wenu wa chumba cha maandalizi