Ruhusa zikusanyeni kabla ya Ijumaa

Kikuyu, Dodoma

Somo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi mno kusikia kwamba kikosi chenu kinatoka Singida kuja kwenye shindano la kupiga filamu kwa saa 48 hapa kwetu. Swali lako nalijibu kwanza, mengine yatafuata. Kusainisha hati za ruhusa kabla saa hazijaanza kuhesabiwa si udanganyifu. Mwenzenu anayetaka msubiri hadi mpewe mada hajazisoma kanuni vizuri, na akisikilizwa atawaponza.

Kanuni ulizonitumia zinafanana sana na za 48 Hour Film Project, shindano lililoanzia Washington, Marekani, mwaka 2001. Ijumaa jioni kila kikosi kinachota kwa bahati aina ya filamu, kisha vyote vinapewa mhusika, kifaa na sentensi ambavyo lazima viwemo. Jumapili jioni filamu iwe mikononi mwa waandaaji, dakika nne hadi saba, mbali na majina ya mwisho. Kinachokatazwa kabla ya Ijumaa ni ubunifu, yaani kuandika muswada, kufanya mazoezi, kubuni mavazi, kupiga picha, kuhariri. Kutafuta watu, kukodi kamera, kukagua lokesheni na kuziombea ruhusa, hayo fanyeni hata leo. Tena hiyo ruhusa ndiyo kazi msiyoweza kuikimbiza wikiendi, maana ofisi zikifungwa Ijumaa hazifunguliwi mpaka Jumatatu, na Jumatatu filamu mmeshaikabidhi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na mwombaji hutakiwa kueleza hadithi yake. Ninyi hadithi hamna, na mkiwa nayo mmeshavunja kanuni za shindano! Hapo msijifanyie hukumu wenyewe. Waulizeni waandaaji, kwa maandishi, kama wameshaombea vikosi vyote kibali Bodi ya Filamu. Wakisema bado, mwende kwa afisa utamaduni mapema, mkiwa na barua inayoeleza shindano lenyewe, siku za kupiga picha, lokesheni na orodha ya watu wenu. Mwelezeni wazi kwamba hadithi itazaliwa Ijumaa usiku, naye awaambie anataka nini badala ya muswada. Msiandike hadithi ya uongo ili kujaza fomu. Hilo nakusihi kama ndugu.

Kuhusu lokesheni, chagueni sehemu zinazoweza kubeba hadithi ya aina yoyote, kwa kuwa hamjui mtaangukia kichekesho au kitisho. Uwanja wa nyumba ya mtu, shamba la zabibu, kibanda cha chipsi. Mwenye mali asaini, siyo mlinzi wala mpangaji. Soko la Majengo linapendeza kwenye kamera, lakini uongozi wa soko ujue, na wenye meza mtakaowapiga karibu waridhie mmoja mmoja. Nyerere Square muwaone watu wa Jiji. Bunge, Mji wa Serikali wa Mtumba na Ikulu ya Chamwino zifuteni kabisa kwenye mawazo yenu, hata kwa mbali. Stesheni ya SGR nayo inahitaji ridhaa ya Shirika la Reli, na sidhani mtaipata kwa muda huu. Michoro ya Kolo kule Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006 na natamani sana siku moja uipige, ila kwenda na kurudi kutawamalizia nusu ya Jumamosi.

Kila atakayeonekana asaini hati ya ridhaa inayotaja filamu kuoneshwa ukumbini na mtandaoni. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi. Na kwa kuwa kanuni zenu zinataka watu wa kujitolea, msimwahidi mwigizaji posho kisha mkaificha.

Muziki ndio unaoangusha filamu nyingi nzuri baada ya shindano kwisha. Wimbo wa Bongo Fleva uliopakuliwa kwenye simu una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata kama mmetumia sekunde chache tu. Mnaruhusiwa kutumia muziki uliorekodiwa zamani, mradi mwenye haki awape idhini iliyoandikwa. Mimi ningemwendea mpiga zeze wa Chamwino, nimrekodi, nimsomee hati kwa lugha anayoielewa vizuri, Kigogo ikibidi, asaini akijua anachokitoa. Jina lake liandikwe mwishoni kwa herufi kubwa kama za mwongozaji. Sauti ile ni ya hapa, na hakuna biti ya kukodi itakayoipata.

Droni iacheni kama hamna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uwanja wa ndege wetu uko mjini kabisa.

Niandikie lokesheni mnazozitaka kabla ya Jumatano. Za Majengo na Kikuyu nitazifuatilia mimi mwenyewe kwa wenyeviti wa mitaa, na hati nitazichapa nakala za kutosha. Wewe shughulikia barua ya waandaaji, maana bila hiyo afisa utamaduni hatakuwa na pa kuanzia.

Wasalimie wote.

Ni mimi somo yako.