Akina mama nao waandikiwe habari za kujenga nguvu

Mhariri,

Kila mwaka ikikaribia mwisho wa Februari, magazeti yetu hujaa habari za Kilimanjaro Marathon, na inastahili. Mji wa Moshi hufurika wageni, na hata sisi wa kilomita 5 tunavaa raba. Ila habari ya kunyanyua uzito kwa mpango, ili misuli na mifupa iimarike, siioni. Naomba gazeti lako liiandike, hasa kwa ajili yetu wanawake tuliovuka miaka 50.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo. Nashinda nimekaa, na ilifika wakati siwezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika meza. Mtaalamu wa viungo aliyenipima alisema magoti ni mazima, mapaja ndiyo yamelegea. Akanianzishia zoezi moja tu: kukaa kwenye kiti na kuinuka, mikono kifuani, polepole, mara 8 hadi 12, nipumzike, nirudie. Nilipolizoea ndipo nikaanza kushika dumu.

Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, na unaweza kuanza na lita 2. Ukiona lita 2 ni nyepesi, unaongeza. Nyongeza hiyo ndiyo inayojenga, kwa sababu mwili uliokwisha kuuzoea uzito hauna haja ya kujiongezea nguvu.

Jirani yangu huniuliza, "Mama, sisi tumekatia ng'ombe majani tangu utotoni, mazoezi ya nini tena?" Mama zetu wa Kibosho na Marangu, kule mlimani, wana nguvu, sibishi. Lakini mzigo wa majani haujali kama jana uliamka na kiuno kinauma. Lazima ng'ombe ale. Zoezi lina siku yake ya kupumzika, na misuli hujijenga katika mapumziko hayo. Tena sisi tulioshuka mjini tuliacha majani na hatukuweka kitu mahali pake. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa inalinda mifupa hushuka na mifupa hudhoofika kwa kasi. Wengi wetu tumemuuguza bibi aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga. Tunajua alivyoteseka.

Wanaoogopa kuota misuli ya kiume watulie. Homoni ya testosteroni tuliyo nayo wanawake ni ndogo mno kwa kazi hiyo.

Kinachoniuma ni kuona wenzangu wakiacha baada ya wiki chache kwa kuwa kwenye kioo hakijabadilika kitu. Wiki hizo za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Kwa hiyo mtu anakata tamaa wakati nguvu imeshaanza kuingia! Mimi najipima kwa daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma: tarehe, lita ngapi, mara ngapi. Siku nikiwa mzito, nikifungua nikaona nilipotoka, nanyanyuka. Na tuko watatu. Tunakutana Jumanne na Ijumaa alfajiri kabla ya kufungua mabanda, na asiyetokea hugongewa mlango. Siku hizo mbili zinatosha. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Chakula ni kilekile cha nyumbani, ila maharage, dagaa, mayai na maziwa visikosekane.

Mwenye presha amwone daktari kwanza, na asibane pumzi anaponyanyua. Atoe pumzi wakati wa kuinua.

Manispaa nayo itusikie. Vijana wa mtaani wamejitengenezea vyuma kwa kumimina zege kwenye makopo ya rangi, na jimu za kulipia zipo, lakini mama mwenye genge la nyanya ada ya mwezi ataitoa wapi? Mabomba ya chuma ya kuning'inia na kujivuta juu, na mabenchi imara kwenye viwanja vya wazi yangetusaidia sana.

Kwako Mhariri, ombi langu ni ukurasa mmoja. Mtafuteni mtaalamu wa fiziotherapia aonyeshe kwa picha, hatua kwa hatua, jinsi ya kuinua mzigo kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Picha ziwe kubwa, maana tutazibandika ukutani pale tunapofanyia mazoezi.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi