Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Umwagiliaji kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa maji, nishati na kilimo mlioketi meza kuu, wanakikundi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunafahamu una ratiba nyingine baada ya hapa, hivyo historia tutaipitia mbiombio: tulianza wachache, tukagombana, tukaandika katiba, tukawa wengi.

Mafanikio ni makubwa mno. Kikundi kina ofisi ya kisasa yenye meza na kabati linalofungwa. Tumepanda miti kandokando ya mto, na baadhi bado imesimama. Elimu ya matandazo imewafikia wanachama wote, wakiwamo waliosinzia siku ya semina.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto ni nyingi, ila leo tumekubaliana kutaja moja tu: pampu.

Mvua siku hizi huchelewa, na ikija hushuka yote kwa mkupuo, kisha kiangazi. Maji tunayoyategemea yako bondeni, mashamba yako juu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na hakuna shamba linaloridhika na mita moja. Kuyapandisha tunachoma dizeli. Dizeli ikipanda bei tunapunguza zamu za maji, na zamu zikipungua mazao hukauka yakiwa yanatoa maua. Wala hatuko peke yetu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaeleza kuwa kilimo huchukua takribani asilimia 70 ya maji baridi yanayovutwa duniani, na kwamba shughuli za chakula, kuanzia shambani hadi mezani, hutumia karibu asilimia 30 ya nishati yote inayotumika duniani. Mwaka 2011 ulifanyika mkutano mkubwa Bonn, Ujerumani, wa kuyajadili maji, nishati na chakula kama jambo moja. Tunafurahi kwamba huko walielewana.

Sisi tulipopeleka ombi ofisi ya maji, tuliambiwa pampu ni suala la nishati. Wa nishati wakasema waombaji ni wakulima, twende kilimo. Wa kilimo walitupokea kwa ukarimu mkubwa, wakatupa viti, wakatuelekeza ofisi ya maji.

Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alituahidi pampu ya sola kabla ya kiangazi. Hakutaja kiangazi kipi, nasi kwa adabu hatukumuuliza. Aliyemfuata alileta mabomba ya matone, yale yenye matundu ya kudondoshea mimea maji kidogo kidogo, tukampigia makofi mengi. Mabomba hayo hayatoi tone bila mgandamizo wa maji. Yapo stoo, yamefungwa vizuri, na ukipenda utaonyeshwa.

Tunajua pia kwamba sola ina mtego wake. Jua halina bili, na mtu asiyelipia chochote huiacha pampu ivute mchana kutwa hadi chanzo kishuke na walio chini ya mto wakose. Kwa hiyo hatuombi pampu peke yake. Tunaomba pampu ya sola yenye mita ya maji, ili kila mmoja avute kwa kiasi cha kibali chetu cha kutumia maji. Tangi lililoinuliwa, lijazwe mchana na jioni maji yashuke yenyewe bila betri, wakati jua haliyanyonyi tena. Na chujio, maana tope huziba matundu ya yale mabomba ya stoo. Ukitoa kimoja ukaacha vingine, utakuwa umetuongezea mali ya kufungia kabatini.

Mchango wetu upo: mitaro tutachimba wenyewe, na mfuko wa matengenezo tumeshaufungua.

Ndugu Mgeni Rasmi, makofi yako yako tayari. Tunachoomba ni kwamba kabla hujaondoka, utaje mbele ya wanakikundi ofisi moja kati ya hizi tatu itakayolishika faili letu, na mwezi wa kutujibu. Nakala ya faili iko mezani kwako, chini ya shada la maua.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi