Mpwa wangu anajua kusoma muziki

Mhariri,

Mimi ni fundi wa umeme, mkazi wa Umoja Innercore, na huu ni mwaka wangu wa 19 nikifundisha kwaya ya parokia yetu. Naandika kuhusu majaribio ya kuingia shule za muziki hapa Nairobi, hasa lile jaribio la mwisho, la kusoma nota za wimbo mgeni papo hapo, ambalo watoto wetu hulikuta wakiwa tayari wamesimama mbele ya waamuzi.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, alimaliza kidato cha nne. Ameimba alto, sauti ya chini ya wanawake, kwangu tangu akiwa na miaka tisa. Aliomba nafasi katika shule moja jijini, tukatuma ada ya shilingi 3,000 kwa M-Pesa, pesa zisizorudishwa, na tukajibiwa kwamba aandae nyimbo mbili za mitindo tofauti. Basi, hakuna zaidi. Akaandaa wimbo wa Kilatini tunaoimba Pasaka na mwingine wa harusi wa Kiluhya aliofundishwa na nyanyake.

Siku hiyo sikwenda kazini. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, na kwa vile mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi, nilisikia kila kitu. Aliimba vizuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu, maana kanisani yeye ndiye ninayemkaripia kuliko wote. Kisha kukawa kimya. Kumbe walikuwa wamempa karatasi ya wimbo asioujua, vipimo vinane (yaani vipande vinane vifupi vya mapigo), umeandikwa kwa nota za mistari mitano, autazame nusu dakika halafu auimbe. Hakutoa sauti. Nikasikia mtu akimwambia asante, unaweza kwenda. Baada ya siku tisa ujumbe ukaja kwa simu: hakuchaguliwa kwa sababu hajui kusoma muziki.

Hajui kusoma? Mtoto huyu husoma muziki kila Jumamosi alasiri! Anausoma kwa solfa, yaani herufi za do, re, mi badala ya nota. Ingia kwaya nyingi za Eastlands utaziona karatasi zetu, fotokopi ya fotokopi, zimefifia, juu pameandikwa “Do ni G”, yaani do ianzie kwenye sauti ya G, chini herufi katika safu nne, kila sauti na safu yake. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari wima hufunga kipimo. Wimbo ukihama ufunguo, yaani ukianzia sauti nyingine, do nayo inahama. Fa ikipandishwa nusu sauti inakuwa fe, ti ikishushwa inakuwa ta, na alto wangu hupita hapo bila mimi kuwasimamisha. (Wanaume wa sauti ya tenor ndio nawasimamisha. Hao ni hadithi ya siku nyingine.)

Binti alirudi na ile karatasi ameikunja mfukoni. Mimi mistari mitano nilijifunza ukubwani, kwa taabu, kwa hivyo niliketi jikoni kwa dada nikaugeuza ule wimbo kuwa solfa nyuma ya risiti ya duka la nyaya. Ulianza hivi: d :r |m :s |f :m |r :–. Nikamshikia mbele ya macho, maana alikuwa akimenya viazi. Akauimba wote, vipimo vyote vinane, kisu kikiwa bado mkononi.

Kuna wanaoiona solfa kama ushamba wa kwaya za vijijini. Wajue ilitoka Uingereza. Ilianza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza katika karne ya 19 ili watoto na watu wa kawaida wasome nyimbo bila gharama kubwa. Wamishonari ndio walioileta Afrika. Mwaka 1897 mwalimu wa kwaya wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo ambao muziki wake ndio wimbo wa taifa wa jirani zetu Watanzania hadi leo. Aliuandika kwa solfa. Sasa najiuliza, yeye angeletewa ile karatasi ya vipimo vinane, angejibiwa nini?

Sikatai kwamba mistari mitano ni lazima kwa mtu anayetaka kuwa mwanamuziki. Mpiga fidla hawezi kukaa katika okestra na karatasi ya solfa, na mpwa wangu atalazimika kujifunza. Lakini si ndiyo sababu anaomba kuingia shule? Wale waliokuwa naye kwenye benchi ambao hawakutishwa na karatasi walikuwa wamefanya mitihani ya muziki inayotungwa London, ile ya ngazi ya 1 hadi ya 8. Ina jaribio kama hilo, wamelizoea. Wazazi wao walilipia. Mwalimu mmoja niliyempigia simu aliniitisha shilingi 2,000 kwa saa moja, nami kuna siku sipati hizo kwa kutwa nzima.

Na sasa kwa kuwa Gredi ya 10 ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, watoto wa kubisha milango hii watazidi.

Ombi langu kwa shule hizi ni dogo. Kama kuna jaribio la kusoma nota, liandikwe kwenye tangazo kabla hatujalipa ada. Na siku ya jaribio, ule wimbo uwe umechapishwa pande mbili, upande huu mistari mitano, upande ule solfa, mtoto achague. Hata mimi naweza kuwaandikia upande wa solfa, bure, jioni moja tu.

Mpwa wangu anataka kurudia mwaka ujao. Nimemchorea mistari mitano kwa chaki kwenye geti langu jeusi, na kila jioni namwekea nota mpya akitoka kibaruani. Mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ni maandishi gani hayo.

Mwalimu wa kwaya,
Umoja, Nairobi