Bwana Msa asiharakishwe

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya vitabu alipendekeza wiki iliyopita kwamba riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla zifupishwe kwa ajili ya vijana, kwa hoja kuwa mazungumzo ni mengi, kisa kinachelewa kuchangamka, na msomaji wa leo hana subira ya kungoja mpelelezi Bwana Msa amalize kushindilia tumbaku kwenye kiko chake. Mimi nimezisoma riwaya hizo tangu nikiwa mwanafunzi, na mwezi huu nimeirudia Mzimu wa Watu wa Kale, kwa hiyo naomba nafasi ya kupinga.

Kwamba zinakwenda polepole, hilo silikatai. Katika riwaya hiyo, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, Bwana Ali anakutwa ameuawa penye mzimu. Mwandishi mwingine angekimbilia bastola na gari. Abdulla anaketi na kuwasikiliza watu: huyu anahojiwa, yule anasimulia, Najum, mwandani wa mpelelezi, anadakia neno, na Bwana Msa, anayetafuta mkono wa binadamu pale wengine wanapouona mkono wa mizimu, anauliza jambo ambalo msomaji mwenye haraka ataliona halihusiani na maiti hata kidogo. Ukiyakata mazungumzo hayo ukidhani ni porojo, umekata ushahidi. Katika riwaya zake, mauaji au wizi ni tawi tu. Shina mara nyingi ni nasaba, yaani nani mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kwa siri, na jina gani lilibadilishwa ili lisitambulike. Mambo ya namna hiyo hayapatikani kwenye alama za vidole. Huponyoka kinywani mwa mtu aliyeachwa azungumze mpaka akajisahau.

Kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Kazi ya bwana afya, kwa wasioikumbuka, ilikuwa kubisha hodi nyumba baada ya nyumba, kufunua mitungi na kuchungulia uani, huku mwenye nyumba akijieleza zaidi ya alivyoulizwa. Nadhani humo ndimo alimompata Bwana Msa, hata kama kiko na mwandani wake vinatukumbusha Sherlock Holmes, jambo ambalo wahakiki hawachoki kulitaja.

Riwaya za mbio tunazo, nami nazipenda. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla niliimaliza usiku mmoja, na vituko vya Willy Gamba wa Elvis Musiba vilinichelewesha kazini zaidi ya mara moja. Lakini leo ukiniuliza habari za watu waliomo humo, nitakutajia mashujaa wenyewe, basi. Kwa Abdulla nawakumbuka hata wale waliopita ukurasa mmoja tu, namna walivyokwepa swali na namna walivyolijibu.

Kuhusu subira ya vijana, nina shahidi mmoja tu. Mjukuu wangu wa kidato cha pili nilimpa Duniani Kuna Watu wakati wa likizo, na siku ya kwanza alinilalamikia: "Babu, mbona hawa wanazungumza tu?" Sikumjibu. Siku ya nne nilimkuta sebuleni, karatasi ya daftari imetandazwa juu ya mkeka, amechora kwa penseli majina ya watu wote wa kitabuni na mishale ya nani kamzaa nani, mingine ameifuta mpaka karatasi imetoboka. Mshale mmoja ulikuwa umekosewa. Nimeuacha vivyo hivyo, na kitabu bado anacho.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Unguja